Yordani kwa Vidonge

Jumapili, 1 Juni 2025

Aibu! Leo, mbele ya usharika mzima, nimeishiwa pumzi katikati ya Mto Yordani.

Naandika kwa utulivu. Wimbo wetu mkubwa una mahali ambapo kwaya yote hunyamaza, na besi mmoja peke yake analishika neno "Yordani" na kulivuta mpaka mwalimu ashushe mkono. Sekunde kumi na tisa. Besi huyo ni mimi, Lutengano, mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna watu hapa Ilomba hawalijui jina langu wala duka langu la fotokopi, lakini sekunde zangu kumi na tisa wanazijua.

Leo nilifika "Yorda." Nikaona vimulimuli. Nyuma yangu ikasikika "niii," nene, safi, isiyo na haraka. Jailos! Fundi seremala, jirani yangu, besi wa pili. Kaimalizia kana kwamba tulikubaliana. Akina mama wakapiga vigelegele. Vyake, si vyangu.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya, Timotheo, akanivuta pembeni. Kasema tarehe 22 tunakwenda Iringa kwenye tamasha, na Yordani moja haiimbwi na watu wawili. Jumamosi ya tarehe 14 atatupima, mimi na Jailos. Atakayeishika noti ndiye atakayesimama mbele Iringa.

Jailos akanipa mkono, akasema tuombeane. Nimemwombea. Nimeomba apate mafua.

Jumatatu, 2 Juni

Zahanati. Bupe, mke wangu, kanilazimisha. Nesi ni Goodness, yule anayeimba sauti ya pili. Kanipima presha, sukari na kiuno. Kiuno alikipima mara mbili, utepe wa kwanza haukutosha.

Akauliza nakula nini. Nikamjibu kwa uaminifu: chipsi mayai dukani asubuhi, nyama ya kitimoto Jumanne, Alhamisi na siku za furaha, soda za kushushia. Akauliza kuhusu mboga. Nikamwambia viazi ni mboga, tena vya Mbeya hii hii. Hakuandika.

Matokeo: sukari iko mpakani. Kasema sihitaji dawa bado. Nitembee kwa miguu mpaka dukani, niache soda, nile anavyopika mke wangu: maharage, mnafu, uji wa ulezi, parachichi. Eti kitambi kikipungua pumzi itarudi yenyewe. Nikauliza hiyo dozi ni ya siku ngapi. Kasema ya maisha.

Ya maisha! Nina siku kumi na mbili!

Jailos alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Kaambiwa maneno yale yale. Jioni nimemwona anarudi na fungu la mnafu mkononi. Mtu mzima, fundi, anatembea na majani hadharani.

Bupe amefurahi sana na ushauri wa Goodness. Bustani yake ya nyuma ya nyumba imejaa. Baba yake kule Tukuyu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Bupe hasemi juu ya jambo hilo. Anaitazama sahani yangu tu, halafu anatazama pembeni.

Jumatano, 4 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Leo dukani ameingia Eveline!

Alikuja kuprinti vyeti. Mama nadhifu, suti ya bluu, beji kifuani. Ni mshauri wa lishe za kisasa. Akanisikia nakohoa, akaniuliza kama nimewahi kupimwa mwili mzima. Nikamwambia nimepimwa kiuno. Akacheka kwa huruma, akatoa kompyuta na kijiti cha chuma. Unakishika kijiti kwa mkono wa kulia, unatulia dakika moja, mashine inakusoma kuanzia nywele mpaka kisigino. Hakuna sindano. Hakuna maswali kuhusu chipsi.

Ripoti ina kurasa thelathini na mbili. Niliiprinti mwenyewe, kwa rangi. Upungufu wa zinki. Figo la kushoto limechoka. Mishipa imebana. Ini lina mawazo. Ukurasa wa ishirini na sita: mfuko wa uzazi umelegea.

Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, nikamwonyesha Bupe. Kaisoma polepole. Akauliza mfuko huo nimekuwa nikiuweka wapi miaka yote hii.

Nikampigia Eveline. Kasema mashine ilisahauliwa kwenye mteja wa jana, ambaye ni mwanamke, ila kurasa nyingine zote ni zangu. Nimetulia. Mfuko wa uzazi nimeufuta kwa kalamu. Zinki naiamini.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeanza! Makopo manne. "Kijani Hai," vidonge vya kijani, badala ya mboga. Unga wa protini badala ya maharage. "Nyuzi Safi" kwa ajili ya tumbo. Na kopo jekundu, "Mishipa Wazi," kimoja kwa siku, kwa ajili ya pumzi. Zawadi ya nyongeza: mkanda mpana wa nailoni wa kukausha kitambi.

Eveline hupokea mazao. Nimempa debe mbili za maharage ya njano kutoka ghalani, na mkungu wa ndizi. Ni maharage aliyolima Bupe, ila kwenye nyumba ya Kikristo mali ni ya wote.

Bupe kauliza debe zake ziko wapi. Nikasema nimezipeleka kanisani, sadaka ya mavuno. Macho yake yalilainika, akasema Mungu anibariki. Sikujua kwamba uongo unaweza kuuma kooni kuliko kidonge. Nikanywa maji.

Faida kubwa ya mpango huu: mwili ukishapata vyote kwenye kopo, chakula kinabaki kuwa starehe tu. Leo nimekula chipsi mayai mara mbili bila wasiwasi wowote.

Jumapili, 8 Juni

Nilisahau mnada!

Kila mtu anajua: mazao yanayotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Kila mtu, isipokuwa mimi siku ya Ijumaa. Bupe akasimama mstari wa mbele, na khanga yake mpya, kuona nani atayapata maharage yake. Mzee Asukile ndiye mnadi. Akanadi jogoo. Akanadi mayai. Akanadi parachichi, magimbi, malenge, jogoo yule yule mara ya pili kwa sababu mnunuzi wa kwanza alimrudisha sadaka. Bupe anasubiri. Mimi natoka jasho, na Juni hii Mbeya baridi inauma mifupa.

Mwisho kikatoka kiroba cha maharage. Cha nani? Cha Jailos! Nikapaza sauti. Mtu akapanda, nikapanda. Nikayakomboa kwa bei ambayo mzee Asukile aliomba niirudie. Watu wakashangilia. Nikamwambia Bupe nimeona uchungu, nimeyarudisha yetu nyumbani, na Bwana kapata chake.

Akafungua kiroba, akachota kiganja. Kasema yetu yalikuwa ya njano. Haya ni mekundu yenye madoa.

Nikamwambia yamekaa kanisani siku mbili. Ameyapika.

Jumatatu, 9 Juni

Mshtuko asubuhi. Haja ndogo imetoka na rangi ya jaketi la bodaboda. Inang'aa! Nikampigia Eveline. Kafurahi. Kasema hiyo ni sumu ya miaka mingi, inatoka.

Nikajivuna, nikamwambia Goodness nilipokutana naye dukani. Yeye kasema hiyo si sumu, ni vitamini nilizozidisha, mwili umechukua kidogo na nyingine umezimwaga. Kwa maneno yake, nakilisha choo vizuri kuliko ninavyojilisha mwenyewe. Wivu. Hawa watu wa serikalini hawapendi maendeleo.

Jailos anatembea kwa miguu kila asubuhi mpaka karakana, anapita mbele ya duka langu akipiga mluzi. Mluzi! Pumzi ya ziada anaimwaga barabarani!

Hatua imechukuliwa. Kuanzia leo nampelekea chipsi mayai karakana, sahani kubwa, pilipili nyingi, kama ishara ya upendo wa ndugu. Kanishukuru mpaka akavua kofia.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya nne ya chipsi. Jailos anazidi kupungua. Mbwa wake amenenepa sana. Nimechelewa kuhusisha mambo haya mawili.

Mchana nilikwenda kwa Eveline kuongeza Mishipa Wazi. Nilimkuta mezani. Anakula ugali, mboga ya chainizi na maharage ya njano. Maharage yangu! Hakuna kopo hata moja mezani. Ngozi inang'aa, macho meupe. Nikamuuliza vipi. Akafuta mdomo, akasema mshauri lazima apitie mateso ya wateja wake ili awaelewe. Nilitoka pale nimeguswa. Ni wachache wanaojitoa hivyo.

Ila ukweli lazima uandikwe. Leo nimejipima kwa saa ya simu, chooni, mlango umefungwa. Yordani: sekunde kumi na moja. Na vimulimuli.

Eveline kasema matokeo kamili ni baada ya miezi mitatu. Jumamosi ni keshokutwa. Hivyo nimeongea na Benjamini, besi anayesimama nyuma yangu. Ni dalali wa viwanja, anatoa nakala za mikataba kila siku. Nakala za bure mwezi mzima, naye atafanya jambo dogo sana.

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi!!!

Mwalimu Timotheo akisikiliza noti ndefu hufumba macho. Kwaya yote inajua. Jailos alitangulia: sekunde ishirini na moja, bila jasho. Kisha mimi. Nilianza kwa nguvu, nikafika ya tisa, nikainua daftari la nyimbo kufunika mdomo. Hapo Benjamini akaipokea kwa nyuma, midomo imefungwa, sauti inatoka puani. Mimi navuta hewa. Nikaipokea tena. Akaipokea. Kama watu wawili wanaobeba kabati.

Ishirini na saba! Timotheo alifumbua macho yakiwa na machozi. Kasema hajawahi kusikia kitu kama kile tangu aanze kufundisha. Wenye sauti ya pili walinitazama vibaya, hasa Goodness, lakini wao hawapigi kura.

Jailos akaja kunikumbatia. Kasema kwa dhati kabisa kwamba amefurahi, maana siku ile nilipokatika aliogopa kwamba naumwa.

Nilijisikia vibaya dakika nzima. Nikameza Kijani Hai, ikapita.

Ijumaa, 20 Juni

Iringa! Kosta yetu ilitoka Ilomba asubuhi, tukaimba mpaka Makambako, hapo kila mtu akanunua mahindi ya kuchoma isipokuwa mimi, niliyenunua soseji.

Kwaya ngeni hulazwa kwenye nyumba za washarika. Orodha ikasomwa. Mimi nimepangwa Kihesa, kwa Mama Paskalina. Pamoja na nani? Jailos! Chumba kimoja!

Mama Paskalina ni mjane, mzaliwa wa Idodi, mrefu, sauti ya chini. Katupokea kwa "Kamwene," salamu ya kwao, na mikono miwili. Mezani: ugali, kuku wa kienyeji, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, parachichi limekatwa vipande. Nikaeleza kwa heshima kwamba mpango wangu hauruhusu chakula jioni. Nikaomba glasi ya maji, nikakoroga unga wangu pale pale mezani. Unafanya mapovu.

Mama Paskalina akaweka kijiko chini. Alimuuliza Jailos kwa sauti ndogo, lakini niliisikia, kama huko Mbeya tunaambiwa kwamba watu wa Iringa wanawekea wageni kitu kwenye chakula. Jailos akasema hapana mama, ndugu yangu huyu anaumwa kidogo. Kisha, kuokoa heshima ya mkoa, akala sehemu yake na yangu. Akaomba ya kuongeza.

Unga una ladha ya chaki. Harufu ya yale majani ya maboga ilinifuata mpaka chumbani.

Jumamosi, 21 Juni

Balaa! Benjamini hana sauti!

Jana mwenyeji wake alimpeleka kutazama mpira. Kashangilia mpaka mwisho. Leo kwenye mazoezi alifungua mdomo ikatoka hewa tupu, kama tairi. Ananionyesha kwa mikono kwamba anasikitika. Nakala zote zile za bure!

Kesho ni mimi peke yangu. Mimi, kipaza sauti, na kwaya kumi na nne zinasikiliza. Nilifikiria kumwendea Jailos na kumwambia ukweli. Nilifikiria kwa muda mrefu, kama dakika mbili. Alikuwa nje anamsaidia Mama Paskalina kurekebisha mlango wa banda la kuku, wanacheka. Sikuweza. Mtu amekukumbatia kwa ushindi, utamwambiaje ulikuwa wa Benjamini? Na nikiipoteza Yordani, mimi ni nani pale Ilomba? Mtu wa fotokopi.

Nikampigia Eveline. Nikaeleza dharura. Kasema mwili wa mwimbaji ni mkubwa, Mishipa Wazi unaweza kuongeza kidogo. Hakusema kidogo ni ngapi.

Nimehesabu. Kimoja ni sekunde kumi na moja. Nahitaji kumi na tisa, na akiba. Nitameza vinane.

Mchana nimekula chipsi stendi. Hizi hazihesabiwi, niko nje ya mkoa.

Jumapili, 22 Juni

Sina hakika kama nitaweza kuandika haya. Naandika.

Asubuhi Mama Paskalina alileta uji wa ulezi na viazi vitamu. Akaniwekea kikombe mbele yangu, akasimama. Nikasema asante, nitakunywa tukirudi. Nikafunga mkanda wa nailoni ndani, joho juu. Zilipobaki kwaya mbili kabla yetu, nikameza vinane. Tumbo tupu, ili vifanye kazi haraka.

Vilifanya.

Ubeti wa kwanza, salama. Ubeti wa pili, masikio yakapata moto. Nikadhani ni Roho. Ubeti wa tatu, moto ukashuka usoni, shingoni, kifuani, na nyuma yake ukaja muwasho. Muwasho gani huo! Kama siafu elfu moja wenye viatu. Kwaya ikanyamaza. Timotheo akanyoosha mkono kwangu. Zamu ya Yordani.

Hapo akili yangu ikafanya kazi kwa kasi ya ajabu. Moto, muwasho, joho. Joho lilitundikwa wapi usiku kucha? Chumbani. Nani alilala chumbani? Upupu! Mtu kanipaka upupu!

Na badala ya Yordani, kwenye kipaza sauti, mbele ya kwaya kumi na nne, nimepiga kelele, "Upupu! Jailos kanitilia upupu!" Nikalivua joho. Nikabaki na suruali, fulana na mkanda wa kukausha kitambi, najikuna kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa Iringa akapanda jukwaani kunikemea pepo. Akaniwekea mikono kichwani, nami nikamwomba akune mgongoni.

Katika kelele zile ikasikika sauti. Yordani. Jailos, niliyetoka kumwita mchawi wa upupu, alipiga hatua moja mbele, akafumba macho, akaishika. Ukumbi wote ukatulia. Hata yule mzee aliacha pepo. Hata mimi niliacha kujikuna. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikiisikiliza noti yangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu kutoka chini, na ilikuwa nzuri. Nilitaka kulia, na nililia.

Sekunde ishirini na sita. Hakuna daftari, hakuna Benjamini.

Mbeya tumekuwa wa kwanza. Zawadi: ngao na beberu.

Nyuma ya jukwaa Goodness aliomba makopo. Akasoma kopo jekundu. Kasema ni vitamini tu, na ukimeza nyingi hivi ngozi huwaka na kuwasha. Kasema nina bahati haikuwa zaidi ya kuwashwa, na wanaomeza ovyo hivi huharibu ini. Akalipindua kopo la Kijani Hai, akasoma kwa sauti: mchicha, mlonge, mnafu, majani ya maboga, vimekaushwa na kusagwa. Akanitazama. Kasema kila kilichomo humu kinaota nyuma ya nyumba yako, Lutengano, na mkeo anakichuma bure.

Muwasho umeisha wenyewe. Mama Paskalina alikuwa ameuweka uji wangu kwenye chupa ya chai. Nimeunywa wote.

Jumanne, 24 Juni

Ofisi ya usharika. Wazee sita. Kumsingizia mtu upupu mbele za watu si jambo dogo, mtu huweza kutengwa na meza ya Bwana. Nikasimama, nikaomba radhi. Nikaeleza yote: vidonge, Benjamini, hata chipsi. Jailos akasema chipsi alizifurahia, yaani mbwa. Kisha akasema kwa upande wake yameisha, na kama nataka, kila saa kumi na mbili asubuhi anapita mbele ya nyumba yangu kwa miguu, tutembee wote. Mtu mbaya angekuwa rahisi zaidi.

Yordani ni ya Jailos rasmi. Mimi niko safu ya nyuma, pembeni ya Benjamini, ambaye bado hana sauti.

Nyumbani Bupe alikuwa jikoni. Nikamweleza na yeye. Kasema la maharage alilijua tangu siku ya mnada. Kasema la noti halimhusu, nikiimba sekunde kumi na tisa au mbili yeye ameolewa na mtu yule yule. Kisha akasema, "Gwe Lutengano, mimi nimemwosha baba kidonda miaka mitatu. Sitaki kukuosha na wewe." Akafunika uso na khanga.

Miaka ishirini na minne sijawahi kumwona analia. Niliogopa kuliko Iringa. Nimemwahidi, nimeshika mkono wake nikamwahidi: makopo basi. Kuanzia leo nitatumia kile kilicho bustanini. Chote.

Jumamosi, 28 Juni

Mimi ni mtu wa ahadi.

Jumatano nilitembea na Jailos. Alhamisi pia, nusu. Nikala mnafu na maharage siku mbili kamili. Ni vizuri, sikatai. Lakini jamani, unatafuna! Sahani nzima! Mtu anamaliza kula amechoka, na mnafu ule mchungu. Ndipo maneno ya Goodness yakanirudia: mchicha, mlonge, mnafu, majani ya maboga, vimekaushwa na kusagwa. Kila kilichomo kinaota nyuma ya nyumba yangu. Yeye mwenyewe kasema! Nesi wa serikali!

Kosa langu halikuwa vidonge. Kosa langu lilikuwa kununua vya Eveline.

Jana Bupe alikwenda Tukuyu kwenye msiba, karudi leo jioni. Nilikuwa na siku mbili. Nilichuma bustani yote: mnafu, chainizi, figili, majani ya maboga mpaka ncha. Nikaanika juu ya bati. Yaliyogoma kukauka nikayapitisha kwenye mashine ya lamineti dukani (sasa inanuka shamba, wateja wawili wameulizia). Nikatwanga. Nikavifungua vidonge vya zamani, unga wake nikawamwagia kuku, ambao wameukataa, kisha nikayajaza upya maganda. Makopo manne yakatosha, na nafasi ikabaki. Lebo nimeprinti kwa rangi: "Yordani Asilia." Nimetembea nayo mpaka kwa Jailos nikampa kopo la bure, kama ishara ya upendo wa ndugu. Kanishukuru, akavua kofia. Mbwa alisogea karibu.

Nimejaribu mwenyewe mchana, viwili, pamoja na chipsi mayai. Hakuna moto, hakuna muwasho. Mwili haujui kabisa kama hujatafuna!

Bupe alirudi amechoka, akashika kisu na ungo, akatoka nyuma kuchuma mboga. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi aliuliza bustani yake iko wapi. Nikamwonyesha makopo matatu yaliyobaki, nikamweleza kila kitu, taratibu, mpaka lebo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Kisha akasonga ugali. Akauweka mezani, mkubwa, unafuka moshi. Hakuna mboga, hakuna maharage, hata chumvi. Pembeni ya ugali akaweka kopo moja, akalifungua, akaniambia karibu chakula, kisha akatoka kwenda kula kwa mke wa Jailos.

Nimefurahi sana. Hatimaye mke wangu ameelewa mpango.